Impala ya 1967 yenye usukani kulia: imetoka kiwandani au imegeuzwa?

Swali, kwa ufupi: Msomaji wa Mombasa anasema familia ya jirani yake marehemu inauza Chevrolet Impala ya mwaka 1967, injini ya V8, usukani kulia, logibuku ipo. Wauzaji wanasema gari lilitoka hivyo "kiwandani Marekani". Fundi wake anasema huo ni uongo mtupu: Wamarekani hawakuwahi kutengeneza gari la usukani kulia, na dashibodi yenyewe haifanani hata kidogo na za Impala za 1967 zinazoonekana kwenye picha mtandaoni. Anauliza nani mkweli, na je, alinunue?

Ndugu yangu, hapo kila mmoja ameshika nusu ya ukweli. Huenda gari hilo lilitoka kiwandani na usukani wake kulia, ila kiwanda chenyewe hakikuwa Marekani bali Kanada. Na ile dashibodi ambayo fundi wako anaishika kama ushahidi wa udanganyifu, kwangu mimi ndiyo hoja nzito kuliko zote kwamba gari halikugeuzwa gerejini.

Miaka ile desturi ya Detroit, mji wa viwanda vya magari vya Marekani, ilikuwa kubadilisha sura ya gari kila mwaka, na dashibodi ilibadilika pamoja nayo. Kwa soko la nyumbani hilo halikuwa shida: Impala ziliuzwa kwa mamia ya maelfu, na kalibu mpya zilijilipa haraka. Magari ya kulia yalikuwa machache mno. Nani atachonga kalibu mpya za dashibodi kila mwaka kwa ajili ya magari machache ya Australia na New Zealand? Wakachukua dashibodi ya mwaka 1965, wakaitengeneza kwa upande wa kulia, wakaendelea nayo hiyohiyo mpaka 1969. Kwa hiyo Impala ya 1967 ya kulia, ya kiwandani, ina bodi ya 1967 na dashibodi yenye asili ya 1965. Mwambie fundi wako atafute picha za ndani za Impala ya 1965, kisha azigeuze upande kwa simu yake. Kama zinafanana na za gari hilo, mjadala wenu umekwisha nusu.

Nasema nusu kwa sababu dashibodi inaweza kuhamishwa kutoka gari jingine. Ila fikiria kidogo: fundi wa mtaani anayegeuza gari la 1967 huanza na dashibodi aliyonayo, ya 1967. Huikata, huigeuza, huiunga, hujaza nyuzi za glasi na utomvu, halafu anapaka rangi. Hana sababu ya kutafuta ya 1965.

Sasa hiki kiwanda. Mwaka 1904, Gordon McGregor alikubaliana na Henry Ford kuanzisha Ford ya Kanada mjini Walkerville, Ontario, ng'ambo tu ya mto kutoka Detroit. Katika makubaliano yao kulikuwa na kipengele kilichokuja kuwa na thamani kubwa: Ford ya Kanada ilipewa haki ya kuuza katika himaya yote ya Waingereza, isipokuwa Uingereza na Ireland zenyewe. Australia, New Zealand, India na Afrika Kusini, nchi za kuendesha kushoto, zikawa eneo la Walkerville. General Motors, wenye jina la Chevrolet, nayo ilijijenga Oshawa, Ontario, juu ya kampuni ya akina McLaughlin waliokuwa wakitengeneza magari ya farasi kabla ya kuingia kwenye Buick. Chrysler ikaweka kiwanda chake Windsor, ambao ndio mji ulioimeza Walkerville baadaye.

Kilichoufanya mpango huu udumu ni ushuru. Mwaka 1932, kwenye mkutano wa Ottawa, nchi za himaya zilikubaliana kupunguziana ushuru wa forodha. Gari lilelile, likitoka Michigan, lilikutana na ushuru mkubwa bandarini. Likitoka Ontario lilipita kwa unafuu. Kwa hiyo usimwone Mkanada kama mpenzi wa usukani wa kulia, kwani yeye mwenyewe anaendesha kulia kwa usukani wa kushoto kama jirani yake. Alitengeneza magari asiyoweza kuyatumia vizuri nyumbani kwake kwa sababu karatasi za forodha zilimlipa.

Hata hivyo mengi hayakusafirishwa yakiwa mazima. Yalikwenda vipande vipande ndani ya masanduku ya mbao, yakaunganishwa huko yalikokwenda, kwa sababu nchi hizo nazo zilitaka ajira na zikatoza zaidi gari lililokamilika. General Motors ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha Port Elizabeth, Afrika Kusini, tangu 1926, na kingine Petone, New Zealand, mwaka huohuo. Australia kazi ilifanywa na General Motors-Holden's, kampuni iliyozaliwa mwaka 1931 pale GM ilipowachukua watengeneza bodi wa Holden. Vitu kama redio vilinunuliwa palepale. Ndiyo maana ukikuta kwenye gari hilo redio yenye jina la Kiaustralia, usiseme limechezewa. Impala za Australia zilikuwa pia na indiketa za nyuma za rangi ya machungwa, wakati za Marekani ziliwaka nyekundu.

Niongeze jambo ambalo wapenzi wa Pontiac, chapa nyingine ya General Motors, huwa linawakera: Pontiac kubwa za Kanada, zile Laurentian na Parisienne, zilivaa bodi ya Pontiac juu ya chesisi na injini za Chevrolet. Hizo ndizo zilizokwenda Australia na New Zealand. Mtu akikuuzia Parisienne ya kulia na ukakuta V8 ya Chevrolet chini ya boneti, hakuna aliyebadilisha injini.

Uingereza yenyewe ilikuwa habari nyingine. Kule magari yalitozwa kodi ya mwaka kwa kanuni iliyopima kipenyo cha silinda: zidisha kipenyo kwa chenyewe, zidisha kwa idadi ya silinda, gawa kwa 2.5. Ford Model T, yenye silinda nne za inchi 3.75, ilitoka na "nguvu za farasi" 22.5, na kuanzia 1921 kila farasi mmoja alilipiwa pauni moja kwa mwaka. Injini za Kimarekani zilikuwa na silinda pana, kwa hiyo kodi iliziumiza. Matajiri hawakujali: mfalme Edward VIII alitumia Buick iliyotoka Oshawa mwaka 1936. Mwalimu wa shule aliona bora anunue Austin.

Na huku kwetu? Hapa pana jambo ambalo hata wapenzi wengi wa magari ya kale hawalijui. Ule unafuu wa Ottawa haukufanya kazi Kenya, Uganda wala Tanganyika. Nchi hizi ziliingizwa katika eneo la biashara huria lililochorwa na mkataba wa Berlin wa 1885, lile walilolihesabu kuwa bonde la Kongo ingawa lilifika hadi pwani ya Bahari ya Hindi, na mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ukalithibitisha. Mwingereza alikuwa mtawala, lakini hakuruhusiwa kutoza gari la Mmarekani ushuru zaidi ya gari la Birmingham. Matokeo yake barabara za vumbi ziliamua zenyewe. Magari ya Kimarekani yalikuwa na tumbo la juu, springi ngumu na injini isiyolalamika kwenye tope, basi walowezi na wafanyabiashara wakayapenda. Chesisi za Ford na Chevrolet zilikuja na pua tu, na nyuma mafundi wa Nairobi, wengi wao Wahindi, wakazijengea bodi za mbao zilizoitwa boksi bodi. Yote usukani kulia, kwa sababu tuliendesha kushoto kama tunavyoendesha leo.

Baada ya vita ya pili upepo ukageuka. Afrika Mashariki ilikuwa kwenye eneo la pauni, na dola zilikuwa adimu. Leseni za kuagiza gari la dola zilitolewa kwa mkono mzito, na Kanada nayo ilihesabika upande wa dola. Ndiyo maana ukitazama picha za Nairobi au Dar es Salaam za miaka ya 1950 unaona Morris, Austin, Ford za kiwanda cha Dagenham, Uingereza, na baadaye Peugeot, na Chevrolet ni moja moja. Masharti yalilegea kuelekea uhuru, lakini kufikia hapo watu walikwishazoea magari madogo.

Kwa hiyo Impala ya 1967 yenye usukani kulia Mombasa ni kitu cha nadra, ila si muujiza. Logibuku itakusaidia kujua ilipitia wapi. Kama ilisajiliwa Kenya miaka ya 1960, usikimbilie kusema ilitoka Afrika Kusini, maana Kenya ilikata biashara na serikali ya makaburu ilipopata uhuru. Hapo fikiria kuwa iliagizwa moja kwa moja, au ilikuja na mgeni au afisa wa ubalozi. Kama usajili wa kwanza ni wa miaka ya 1990 na kuendelea, Port Elizabeth inarudi mezani. Na kwa kuwa gari tayari limesajiliwa nchini, ile sheria ya kukataa magari yaliyotumika ya zaidi ya miaka minane haikuhusu. Ingekuwa bado liko nje, ningekujibu tofauti.

Sasa twende gerejini. Mchukue fundi wako, msigombane tena, mfungue boneti. Acha rangi, acha kromu. Tazameni lile bati linalotenganisha injini na miguu ya abiria. Gari la kiwandani lina matundu ya nguzo ya usukani, pedali na breki upande wa kulia yaliyokatwa kwa presi: kingo laini, mikunjo sawa, na upande wa kushoto hakuna dalili kwamba paliwahi kuwa na kitu, au pana kifuniko safi kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Gari lililogeuzwa lina kovu kushoto. Watajaza, watapiga msasa, watapaka rangi nyeusi nzito, lakini kwa ndani, chini ya zulia, mara nyingi huwa wamechoka na hawakumalizia. Nyanyua zulia upande wa abiria. Hapo ndipo waongo wengi hukamatwa.

Kisha ingieni chini. Steringi boksi imefungwa wapi, na imefungwaje? Kwenye gari la kiwandani imekaa kwenye reli ya kulia ya chesisi mahali palipoandaliwa kwa ajili yake, na reli ya kushoto haina matundu yatima. Ukikuta mabati yamechomelewa ili kuishikilia, hiyo ni kazi ya mtu. Ukikuta boksi bado iko kushoto na kuna mnyororo au fimbo inayovuka nyuma ya dashibodi kuleta usukani kulia, funga boneti, shukuru, ondoka. Ugeuzaji wa mnyororo ulifanywa sana Australia zamani, na mimi sipandi gari la namna hiyo hata kwa kuzunguka uwanja.

Wipa zisikudanganye. Magari mengi ya kulia ya kiwandani yaliachiwa wipa za gari la kushoto, zinazofuta vizuri mbele ya abiria na kumwachia dereva pembe ya maji. Ni upuuzi, lakini ni upuuzi wa kiwandani.

Tafuteni pia vibati. Kibati cha bodi huwa chini ya kioo cha mbele, kwenye bati lilelile la injini. Jina la General Motors ya Kanada au Oshawa ni habari njema. Kibati cha General Motors-Holden's ni habari njema zaidi, kwa sababu kinaonyesha mahali gari lilipounganishwa. GM ya Kanada ina huduma ya kumbukumbu kwa wenye magari ya zamani yaliyotengenezwa kule, ambayo kwa malipo hutoa nyaraka za gari kwa kutumia namba yake. Ukipata karatasi hiyo, hutahitaji tena maneno ya muuzaji wala yangu.

Fundi wako umwambie pia, bila kumkejeli, kwamba hata Marekani kwenyewe magari ya usukani kulia yalitengenezwa na yanatengenezwa. Wasambaza barua hukaa kulia ili wafikie masanduku ya barua bila kushuka. Jipu ndogo za posta, zile Dispatcher, zilikuwa hivyo, na Jeep Cherokee ya miaka ya 1990 ilipoanza kutengenezwa kwa usukani kulia kwa ajili ya Uingereza, Japani na Australia, baadhi zilibaki nyumbani kwa watu wa posta.

Mahali ambapo shaka yake ina haki ni kwenye magari mengine. Mustang, kwa mfano. Ford haikutoa Mustang ya kulia kutoka kiwandani mpaka toleo la 2015. Mwaka 1966 Ford ya Australia iligeuza kama 200 hivi kwenye kiwanda chake cha Homebush, Sydney, na hizo zina heshima yake, lakini ziligeuzwa. Mtu akikuletea Mustang ya 1968 na kukuapia kwamba ni ya kulia "orijino", muulize alikunywa nini. Ila Mustang iliyogeuzwa si lazima iwe mbaya: chini yake ni ndugu wa Ford Falcon, na Falcon ilitengenezwa Australia kwa usukani kulia kuanzia 1960, kwa hiyo fundi mwenye akili alikuwa na steringi boksi na viungo vya kiwandani vya kutumia. Corvette ndiyo ilikuwa ya mwisho kabisa. Ya kwanza ya kulia kutoka kiwandani ni ya kizazi kile cha injini katikati, kilichoanza na mwaka wa modeli 2020. Kinyume chake Rambler zilizounganishwa Port Melbourne na Australian Motor Industries, Dodge Phoenix za Chrysler Australia, na Ford Galaxie za Homebush ni za kulia halali kabisa, na hazigombaniwi sana sokoni. Kama ningekuwa na pesa zangu leo ningetafuta Rambler.

Turudi kwenye Impala yako na swali la kununua. Watu hutazama injini kwanza. Injini ndiyo kitu cha mwisho cha kukukosesha usingizi. V8 ndogo ya Chevrolet, iwe ya inchi za ujazo 283 au 327, ina spea kila kona ya Marekani, na giaboksi, ekseli na breki za magurudumu ni vilevile. Kinachoweza kuliua gari hilo ni vile vitu vinavyokaa kulia tu: steringi boksi, mkono wa upande wa pili unaoshikilia viungo, nguzo ya usukani, mfumo wa pedali, na dashibodi yenyewe. Hivi haviagizwi kwenye katalogi za Marekani. Vinatafutwa Australia na New Zealand, kwa watu waliobomoa magari yao na kwenye vyama vya wapenzi wa Chevrolet, na mwenye navyo anajua kwamba anavyo.

Usidhani unaweza kuchukua boksi ya kushoto ukaigeuza ukaifunga kulia. Hiyo ya kulia ni taswira yake ya kwenye kioo; ukiigeuza kienyeji unaweza kukata usukani kulia na magurudumu yakaenda kushoto. Kwa hiyo gari likiwa limeinuliwa, zungusha usukani taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ulegevu kidogo katikati unarekebishika. Kukwaruza, kuganda mahali pamoja, au mafuta yanayovuja yakachanganyika na vumbi la chuma, hayo ni mazungumzo mapya ya bei. Mtazame pia nafasi kati ya boksi na bomba la ekzosi: kwenye V8 hii stata nayo iko kulia, na pale pote pamebanana, na joto lake halina huruma kwa mipira na waya.

Taa za mbele nne hizo, kama bado ni za asili ya Marekani, zikishushwa hutupa mwanga kulia, yaani machoni pa anayekuja. Badilisha zote kabla hujaendesha usiku kwenye barabara ya Malindi. Ni gharama ndogo.

Kuhusu bei, siwezi kukupa namba bila kuliona. Ila fahamu hivi: soko la Marekani halilihitaji gari hili, kwa mnunuzi wa kawaida wa kule usukani wa kulia ni kasoro. Wanaolitafuta gari la kiwandani la aina yako wako Sydney na Auckland, na huko karatasi ya Oshawa pamoja na dashibodi ile ya 1965 vinaongeza thamani. Likithibitika ni la kiwandani na boksi ni nzima, lipe familia bei yao bila kuwabana sana. Hawajui walichonacho, na wewe unaishi nao mtaa mmoja. Likiwa limegeuzwa vizuri, kwa boksi na viungo vya kweli vilivyofungwa kwenye reli ya kulia, lihesabu kama gari la kufurahia, kwa bei ya chini, na upeleke chesisi kwa mchomeleaji mwenye sifa kabla ya kitu kingine. Likiwa bodi nzuri lakini boksi imekufa, mwambie mwenye mali kwamba unahitaji muda, na uitafute boksi kwanza. Ukiipata, na muuzaji wake akakutumia picha ya namba zilizosubiwa juu yake, hapo ndipo utoe pesa ya gari.